Miguu ya Baba Usama

Mara ya kwanza mume wangu aliporudi kutoka msikitini na kiatu kimoja, nilicheka mpaka nikakaa chini. Hapa Kipawa kila mtu anajua kwamba viatu vizuri haviachwi mlangoni siku ya Ijumaa. Abdulhadi alimlaumu mwizi, ingawa sikuelewa ni mwizi gani huyo mwenye haja na kiatu cha kushoto tu. Ijumaa iliyofuata nikamwambia aende na kandambili zake kuukuu. Akarudi na moja.

Safari hiyo nilitoka nikafuata njia aliyopita. Kandambili niliikuta karibu na duka letu la viungo, imelala katikati ya njia. Ilikuwa imemvuka mguuni, naye akaendelea kukanyaga kokoto za moto bila habari.

Ndipo akanieleza yote aliyokuwa akiyameza: mgongo uliomuuma miezi na miezi, miguu iliyokuwa mizito, tumbo lililobana kama amefungwa mkanda, na mkojo uliogoma kutoka. Wanaume hawa! Ukimwuliza hali, anakwambia mzima.

Hospitalini, Daktari Kokushubila alituonyesha kwenye picha pingili mbili za mgongo zilizoliwa, akasema ni kifua kikuu. Nikabisha, maana mume wangu hakohoi. Akanieleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hukaa hata kwenye mifupa ya mgongo, na usaha wake ulikuwa unabana ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopeleka habari miguuni na kuzirudisha kichwani. Walimpasua, wakautoa usaha, akaanzishiwa dawa. Kuhusu kutembea, maana miguu ilikuwa haimbebi tena, daktari alisema tusubiri, kwani wengine hurudi kama zamani na wengine hawarudi.

Kila jioni baada ya magharibi nilivuta kiti upande wa miguuni nikamkanda kwa mafuta ya habasoda. Niliitamani ile kelele ya ndala zake akiziburuta barazani, kelele niliyomgombeza kwayo tangu tuoane. Zaidi ya hapo nilitamani ajue tu kwamba mkono wangu uko pale. Nilikuwa nikimwuliza kama anahisi, naye ananyamaza. Kisha jioni moja akasema taratibu, "Nahisi, Mama Usama. Kidole gumba."

Nililia kwa furaha, nikawapigia simu ndugu zangu wote mpaka wa Mikocheni. Toka siku hiyo alihisi kila jioni, nami nikaanza kuiota Idi, twende uwanjani kusali, yeye kwa miguu yake.

Siku ya kliniki, daktari alimwambia afumbe macho, aseme ndiyo kila akiguswa na pamba. Nilisimama pembeni nimejaa fahari. Daktari akagusa kidole gumba, naye mume wangu akasema ndiyo. Kisha mkono wa daktari ukabaki hewani, haujagusa kitu.

"Ndiyo," akasema mume wangu.

Tukasubiri. "Ndiyo," akasema tena.

Pamba ilipopita kwenye unyayo na kupanda muundi, alikaa kimya. Ilipovuka kitovu akasema ndiyo kwa sauti nyingine kabisa. Daktari akatuambia kwamba bado ni mapema, tusikate tamaa, tuendelee na dawa na mazoezi. Mie nilikuwa nimekasirika, na njia nzima sikumsemesha.

Magharibi ikaingia, tukasali, yeye akiwa amelala chali kitandani. Nikakaa miguuni pake kama kawaida, mafuta pembeni, mikono yangu nimeiweka mapajani mwangu mwenyewe. Nikamwuliza kama anahisi. Akasema anahisi, tena vizuri kuliko jana.

Hasira yote ikaniisha. Niliinuka, nikakibeba kiti mpaka upande wa kichwani, nikamwekea kiganja shavuni. Akafumba macho, na shavu likalowa.

"Ulikuwa mbali sana, Mama Usama," akasema.