Kitufe cha Futa

Masomo yalikuwa yanapotea. Wanafunzi wakiwasha ubao mpya wa kioo watazame somo la jana, hawakuti kitu, weupe mtupu. Mkuu wa shule alikwisha sema: yakipotea tena, mbao zote zinarudi zilikotoka, na Binti Skrini naye afungashe virago.

Binti Skrini ndilo jina la utani walilompa dada huyu aliyeletwa kuwafundisha walimu kutumia vyombo hivyo. Jina hakulipenda, lakini kazi aliipenda kupita kiasi, na mchawi wake alishamjua. Nani mwingine kama si mwalimu wa hisabati? Mzee yule alipoona ubao ukifungwa ukutani alicheka mpaka akakohoa. "Chaki haikatiki umeme, binti!" Tangu hapo, kila Binti Skrini akimwona karibu na darasa, roho inamruka. Mzee akitabasamu, anaficha kitu. Akinyamaza, ndiyo kabisa!

Basi akaenda kumshtaki kwa mkuu. "Kikulacho ki nguoni mwako, mkuu." Haikupita wiki, mzee akahamishwa. Aliondoka na boksi lake la chaki kwapani, hakumtazama mtu.

Jumatatu, masomo yakapotea tena.

Loh! Binti Skrini akajibanza dawati la nyuma, macho kodo. Kengele ikalia. Mwalimu wa baiolojia, ambaye ni mama yake mdogo na ndiye aliyempigania kupata kazi hii, akafunga kitabu, akabonyeza "Futa" pembeni ya ubao. Kila kilichohifadhiwa humo, kwisha.

"Mama mdogo! Unafanya nini?"

"Nafuta ubao, mwanangu. Tangu lini mwalimu mwenye adabu akamwachia mwenzake ubao mchafu? Si wewe uliyeandika hapo 'Futa'?"

Kweli, ni yeye. Neno alilichagua mwenyewe, akajisifu kwamba hata mtoto ataelewa.

"Hata yule wa hisabati alikuwa ananiita nimfutie," mama mdogo akaendelea. "Mwenyewe alikuwa haligusi lidude hili, anaogopa asije akakuharibia kazi. Hivi walimhamishia nini, maskini?"

Binti Skrini aliinuka dawatini. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisini.

"Umemkamata mwingine?" mkuu akauliza.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Mrudishe mzee."