Mrija Wenye Jina

"Matubwitubwi ni ugonjwa wa mate, na mate ya mtu mwingine hayajawahi kukutana na mdomo huu!" Swaliki aliwatangazia wagonjwa wa zahanati ya Busia, upande wa Uganda. "Mimi kijana wa madrasa. Hata kikombe changu nimekiandika jina."

Alikuwa karani pale, mwenye cheti cha sekondari na mdomo usio na breki. Jumamosi alikuwa amwoe Zulaika. Sukari ya harusi, iliyovushwa kutoka Kenya kwa magendo, ilikuwa tayari chini ya kitanda, na Mzee Wahabi, baba yake Zulaika, alikuwa hapohapo benchini akitetemeka kwa malaria.

Kizaazaa kilikuwa rejista. Wanaume sita walikuwa wamevimba mashavu ndani ya siku tatu, na mganga, Bwana Bartholomew, alitakiwa kupeleka taarifa makao ya wilaya, Tororo. Akiandika "mlipuko", wanajeshi wangepiga marufuku mikusanyiko, na miaka ile ya utawala wa jeshi nani angebishana na bunduki kwa ajili ya pilau?

"Mlipuko wapi, bosi?" Swaliki alicheka. "Malaria ni mwenyeji, amejenga hapa, analipa kodi. Mlipuko ni wageni wanaomiminika kwa mlango mmoja. Wakienea dunia nzima, hilo janga. Hawa sita ni wa hapa na pale tu: Lunyo, Malaba, Mukuju. Hawajuani hata kwa salamu!"

"Hakuna kinachowaunganisha?"

"Hakuna."

Bwana Bartholomew akaandika "hapa na pale". Swaliki akashusha pumzi, akaikaza leso iliyozunguka kidevu chake. Jino, aliwaambia watu. Tangu asubuhi hajatafuna kitu.

Mara akaingia Agwang wa Mukuju, muuza malwa, pombe ya ulezi inayonyonywa chunguni kwa mirija mirefu, na kitu kirefu mkononi.

"Daktari, hao watu sita wote walikunywa kwangu, chungu moja. Mirija ilipungua, wakapokezana." Akageuka. "Ee, Swaliki, mtoto yangu! Si ni yako walipokezana? Ulisahau. Nakuletea."

Mzee Wahabi aliuchukua ule mrija, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri kabisa, kwa wino wa zambarau wa zahanati.

Bwana Bartholomew akafuta "hapa na pale".

"Saba," alisema.

Mzee akanyoosha mkono, akaivuta leso. Shavu likachomoza, nono kama andazi la sikukuu.

"Jino, baba," Swaliki alisema.