Pumzi ya Silinda ya Pili

Jumanne moja ya Juni 1995, saa mbili na nusu asubuhi, fundi Andongwisye alikuwa amepiga magoti mbele ya injini ya mashine ya kukoboa mpunga pale Busale, akilegeza nati ya pampu ili atoe upepo. Dizeli ilitoka na mapovu, kisha ikatoka bila mapovu, akaikaza nati. Nje magunia yalikuwa kwenye foleni tangu Jumamosi, na wenyewe wameyakalia, maana gunia lililoachwa peke yake huwa kuna mtu wa kulionea huruma.

Mashine hiyo ilikuwa mali ya chama cha ushirika, na Andongwisye aliiendesha kwa miaka kumi na tisa. Likaja soko huria, chama kikauza kila kilichokuwa chake, na mashine ikanunuliwa na Mudathiri, mfanyabiashara wa Kyela mjini. Mudathiri alikuja na mwendeshaji wake, akampa Andongwisye mkono na kilo mbili za sukari, akamruhusu arudi kwao Bujonde. Tangu siku hiyo injini haikuwaka. Yule mwendeshaji mpya alizungusha hendeli wiki tatu, akaota malengelenge, akaaga. Ndipo wakamwita wa zamani.

Alikuja kwa baiskeli, akisimama kila baada ya muda kutafuta pumzi. Alikuwa amemwacha mama yake kitandani, hajiwezi, na mama alikuwa amemwambia jambo moja tu: "Usilale huko." Andongwisye aliahidi kurudi jioni. Hakuahidi kwa mazoea; aliona jinsi mashavu ya mama yalivyoingia ndani, na alitaka awepo.

Basi akafanya kazi haraka, lakini hakuruka hatua. Alibadilisha chujio. Alifungua nozeli zote mbili, akazijaribu nje. Zilinyunyiza ukungu mzuri, hata tone moja halikuanguka. Mafuta hayakuwa na kosa. Akahamia kwenye kompresheni, ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Alizungusha hendeli polepole kwa mkono, na silinda ya kwanza ikagoma, ikamrudisha nyuma inavyotakiwa. Ya pili ilipita laini, haikumpinga hata kidogo.

Alimimina kijiko cha oili kwenye tundu la nozeli, kwa sababu ringi zikiwa zimelika, oili huziba na hendeli huwa nzito. Hendeli haikuwa nzito. Kwa hiyo si ringi. Akafungua silinda hedi, akajaza dizeli juu ya valvu, akasubiri kuona kama itavuja. Haikuvuja. Gasketi nayo ilikuwa nzima. Ilipofika saa saba alikuwa amefunga kila kitu mahali pake, na kwa kanuni zote za ufundi anazozijua silinda ya pili ilikuwa nzima, ila haikuwa na kompresheni.

Alikaa chini akaegemea ukuta. Siti, mwanamke wa mjini anayefanya biashara ya mchele, mwenye magunia thelathini kwenye foleni na subira ya magunia mawili, aliingia akaishika hendeli.

"Labda inataka mkono wa kike," alisema.

Wakati huo Andongwisye alikuwa amebana pumzi ili kuzuia kikohozi. Hendeli ikagoma mikononi mwa Siti. Alipoachia pumzi, ikalegea.

"Bana tena, fundi."

Akabana. Ikagoma.

"Basi kompresheni unayo wewe," alisema Siti, akajifuta oili kwenye kanga. "Ulikuwa umeondoka nayo."

Andongwisye alifikiri, akaona ndivyo. Zile wiki tatu za Bujonde alikuwa haamki asubuhi mpaka asukumwe mgongoni mara mbili tatu. Mama yake, kabla naye hajaanguka kitandani, alimchemshia tangawizi na kumsugua kifua. Akishainuka alikohoa moshi mweupe, na jembe hakuliweza hata nusu saa. Dalili zilikuwa zile zile za injini, na alijilaumu kwa kutoziona mapema, fundi mzima.

Saa nane mchana watu wawili walishika hendeli, yeye akajaza kifua na kubana, injini ikawaka. Ilitoa moshi mweupe, ikatulia. Watu walinyanyuka juu ya magunia wakakung'uta nguo, na wa kwanza akaanza kumimina mpunga wake.

Saa kumi na moja Andongwisye alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akachukua baiskeli. Alifika kwenye mtaro wa barabarani, hatua arobaini na moja kutoka mlangoni, injini ikazima. Yeye mwenyewe alianguka palepale, mdomo wazi, kifuani hakuingii kitu. Walimbeba wakamrudisha, wakapiga hendeli, yeye na injini wakawaka pamoja. Akajaribu tena. Mara ya tatu Siti alitembea naye akihesabu hatua kwa sauti, asije mtu akasema hazikuhesabiwa vizuri. Zilikuwa arobaini na moja; wiki tatu nyuma injini ilimwachia aende na nusu pumzi, lakini sasa ilikuwa imeshampata.

Mudathiri alifika Jumatano asubuhi na faili la mauzo chini ya kwapa. Aliketi kwenye kigoda, akavaa miwani, akasoma orodha kwa sauti, akifuata mistari kwa kidole.

"Namba kumi na nne, injini ya dizeli, silinda mbili. Namba kumi na tano, mkanda wa mashine. Namba kumi na sita, fundi, alama kisiginoni." Akanyanyua uso. "Hebu tuone kisigino, fundi."

Kisigino cha kushoto kilikuwa na 16 kwa rangi nyeupe. Siku ya kuhesabu mali, karani Andrea alikuwa ameagizwa kutia namba kila kilichomo ndani ya kuta nne. Andongwisye alikuwa amelala chini ya injini akikaza bolti, miguu nje, na Andrea alikuwa na mashine nyingine tisa za kuhesabu kabla jua halijazama. Andongwisye alihisi ubaridi wa brashi. Baadaye alijisugua kwa dizeli, halafu kwa jiwe, rangi isitoke, akadhani tu kwamba ni rangi nzuri.

"Nifute, tajiri," alisema. "Mama yangu anaumwa."

"Wallahi sikuomba kuuziwa mtu," alisema Mudathiri, na alimaanisha. "Lakini karatasi ina muhuri. Anayeweza kufuta ni yule aliyeandika."

Ofisi iliyoandika ilikuwa imeuzwa na yenyewe, na ndani yake sasa palining'inizwa nguo za mitumba. Andrea alipunguzwa kazini mwezi uleule, akavuka kwenda Malawi. Mudathiri aliyaeleza haya kwa masikitiko, kisha akamletea Andongwisye godoro, chandarua na sahani ya pilau kila Ijumaa. Alikuwa mtu mwema. Andongwisye alimshukuru, na usoni akahisi joto la hasira ambayo hakupata wa kumtupia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, pikapu ilisimama mtaroni. Akashuka Ezra, mdogo wake, amejifunga shuka kiunoni.

"Kaka, mama amekwenda."

"Lini?"

"Jana saa kumi. Aliuliza kama injini imewaka. Nikamwambia imewaka. Akasema, basi, yuko kazini."

Andongwisye aliutazama mtaro.

"Tunazika saa tisa," Ezra aliendelea kwa sauti ya chini. "Watu wa Bujonde nzima wamekaa kwenye majani ya migomba, na wa kutoka Mbeya wameshafika. Lazima wale. Nimeleta mpunga, magunia manne."

Foleni iliwapisha bila kuombwa. Andongwisye alijaza kifua, hendeli ikapigwa, mpunga wa msiba wa mama yake ukaanza kushuka. Gunia la kwanza halikufika nusu kabla kilio hakijampanda. Kila kwikwi ilipomshika injini iliruka pigo moja, na mashine ikatafuna badala ya kukoboa.

"Fundi, unakata mchele," Siti aliita kutoka kwenye bomba, ameshika chenga kiganjani. "Ni chenga tupu."

"Najaribu, dada Siti."

"Mwache alie," alisema Ezra. "Tutakula chenga."

Basi akalia. Alilia magunia yote manne, mkono mmoja kwenye tangi la maji, na injini ikaruka naye kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siti alipepeta pumba bila kunung'unika. Ezra alipakia chenga kwenye pikapu, akamshika kaka yake mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, kaka. Ndaga fijo," akaondoka ili awahi kaburi.

Gunia lililofuata lilikuwa la mtu wa Kyela mjini, hana msiba, anataka mchele wa kuuza. Alisogea, akauliza kwa upole kama fundi amemaliza.

Andongwisye alisema amemaliza. Alijifuta uso kwa tambara la oili, akavuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine yenye urefu uleule, na mchele ukatoka mzima.