Chai ya Rangi, Kitanda cha Tatu na cha Nne

Kikombe kilikuwa bado kinafuka moshi, na mama mdogo alikitazama kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

"Tangu jana wananinywesha chai ya rangi," alisema. "Sijui nimewakosea nini watu wa jikoni."

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na sikuwahi kumwona akinywa chai bila maziwa. Nilicheka. Mshona nguo wa kitanda cha tatu, mama mnene mwenye maneno mengi aliyejiangushia mkasi wake mwenyewe mguuni, akainua kikombe chake anionyeshe. Nayo chai yake ilikuwa nyeusi tii.

"Tuko wawili, mwanangu. Nimeuliza, naambiwa kadi yangu inasema maziwa yananidhuru. Mimi na maziwa hatujagombana hata siku moja."

Hapo kicheko kikaniishia. Kadi zile zilitoka kwenye fomu yangu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali ile, na fomu ya kusajili wagonjwa niliiandika mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na orodha za kuchagulia: unabonyeza, orodha inafunguka, unachagua wodi, unachagua kundi la damu, unachagua kitu kinachomdhuru mgonjwa. Mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa mama mdogo. Nilimketisha kando yangu kwa maringo, nikafungua orodha, nikachagua Penisilini, dawa ambayo nusura imuue alipokuwa msichana. "Sasa hata ukizimia," nikamwambia, "fomu inakumbuka." Manesi nao niliwafundisha hivyohivyo siku tatu mfululizo. Msiwachoshe wagonjwa kwa maswali, niliwaambia, fomu inakumbuka. Wakanisikiliza, wakaacha kuuliza.

Kumbe fomu haikukumbuka chochote. Kila kitu kwenye orodha kinatakiwa kiwe na namba yake ya kudumu, na namba hiyo ndiyo inayohifadhiwa kwenye faili la mgonjwa. Mimi, kwa haraka zangu, nilihifadhi nafasi tu: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ni sawa na kumtambua mtu kwa mahali aliposimama kwenye foleni. Penisilini ilikuwa ya nne, nyuma ya Maziwa. Wiki moja kabla ya chai ile, nesi mkuu alinipigia simu akaniomba niongeze Mayai. Nikaongeza kwa dakika mbili, na kompyuta ikapanga orodha kwa alfabeti kama nilivyoiamuru. Mayai yakaingia nafasi ya tatu, Maziwa yakasogea hadi ya nne. Tangu saa hiyo kila aliyeandikwa zamani kwamba asiguswe na penisilini, kadi yake ilisema asipewe maziwa. Nesi mkuu alinishukuru sana kwa wepesi wangu.

Hayo yote niliyaona nikiwa nimesimama katikati ya vitanda viwili, mkono juu ya chuma baridi.

"Mama mdogo, wamesema watakupa dawa gani?"

"Sindano, saa nane. Ya kukausha hiki kidonda cha mguu." Akanitazama. "Kwani mimi daktari? Mbona umebadilika uso?"

Sindano ya vidonda hospitalini kwetu ilikuwa moja tu, penisilini.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi na tano. Nesi alikuwa mwisho wa wodi akipanga toroli lake, hatua ishirini kutoka nilipo. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Sista, nimekosea, usimchome mtu. Hata mtoto angeweza kuyasema.

Sikuyasema. Nilimwambia mama mdogo narudi sasa hivi, nikapita mbele ya yule nesi, nikamwamkia, naye akaniitikia. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha kwanza, nisije nikazua taharuki bure. Uongo mtupu. Niliona haya. Nilitaka kosa lirekebishwe kabla halijapata mwenyewe.

Ofisini nilifunga mlango. Nikakuta watu kumi na saba wenye nafasi ya nne, na wengine tisa wa nafasi ya tatu na ya tano waliokuwa wamesogezwa vilevile. Nikaweka namba za kudumu kwenye mafaili yao yote. Nikafungua kadi ya mama mdogo, ikasoma Penisilini. Nikafungua ya mshona nguo, ikasoma Penisilini. Mungu anisamehe, nilijipongeza. Nikakaa nikashusha pumzi, nikisema moyoni kwamba hakuna atakayejua.

Kisha macho yangu yakaangukia mashine ya kuchapia.

Manesi hawakuwa wanazunguka na kompyuta. Kila siku saa sita, mfumo wangu ulichapa karatasi ya wodi nzima, nao wakaibandika kwenye toroli. Karatasi ya siku ile ilikuwa imeshatoka. Nilikuwa nimeusafisha ukuta wakati nyumba inaungua.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka nikiwa mlangoni mwa wodi, na nesi ameinama kitanda cha nne, pamba imeshapita kwenye mkono wa mama mdogo.

"Sista, usimchome huyo!"

"Vipi tena, Fundi?" Akanigeukia, sindano ikiwa juu. "Karatasi inasema—"

"Sista," sauti ilitoka kitanda cha tatu, ndogo, si ya mtu yule niliyemwacha. "Mbona koo linanibana?"

Yule mama mwenye maneno mengi hakuongeza lingine. Walivuta pazia, daktari akaja akikimbia, wakafanya yote wanayoyajua. Ilipofika saa kumi kitanda cha tatu kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Kamati iliundwa. Ikaandika kwamba ilikuwa hitilafu ya mfumo, na kwamba fundi alipoigundua alichukua hatua mara moja. Nilitia sahihi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Mimi nilificha yangu, na kifo kikaenda kwa mwenzangu.

Mama mdogo aliishi miaka tisa zaidi. Kila mgeni aliyeingia kwake alisimuliwa jinsi mwanawe alivyokuja mbio na kuushika mkono wa nesi. Mimi nilikuwa nainuka nakwenda kuchemsha maji. Jioni moja, mwaka wake wa mwisho, tulikuwa wawili tu mezani, nikamwekea chai yake, maziwa tele kama anavyopenda. Akakizungushia kikombe vidole vyake.

"Siku ile," akasema taratibu, "uliondoka kikombe changu kikiwa kinafuka moshi. Uliporudi kilikuwa kimepoa. Ulikwenda wapi, mwanangu?"

"Ofisini," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akilijua jibu siku nyingi. Kisha akakisukuma kikombe katikati ya meza, na hakukigusa tena.