Wazee wa Kanisa Walipokuja Kumpa Mwanangu Jina

Mimi ni Mkristo, tena si wa juzi. Nilibatizwa nikiwa bado na meno ya utotoni, na Biblia nimeisoma yote, hata zile sura za kuhesabu makabila ambazo wazee wetu wa kanisa huziruka wakidhani hatuoni. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba naabudu mizimu. Mwaka ule wa hamsini na saba nilitaka jambo moja tu: mwanangu aitwe Agoi, jina la kaka yangu.

Agoi alikwenda vita ya Burma akafia huko. Hana kaburi. Mama yetu aliletewa karatasi na askari wa chifu, akaiweka juu ya dari, mchwa wakaila. Kwetu Maragoli mtu akifa, jina lake hupewa mtoto, na mtoto akiitwa kuja kula, nyumba nzima inamkumbuka aliyekwenda. Basi, ni hivyo tu. Sijaona dhambi iko wapi, na Mungu nimemwuliza mara nyingi nikiwa peke yangu, hajanikemea hata siku moja.

Sasa kuna Zadock, mume wangu. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Woodley, mtaa wa Wazungu, nasi tulikaa chumba cha nyuma, karibu na bomba la maji. Yeye na Agoi walijiandikisha jeshini siku moja; Zadock akatiwa jikoni, Agoi akapewa bunduki. Zadock alirudi na birika la jeshi na ujuzi wa kupika mchuzi mzito wa Kizungu, akanioa. Kuhusu kaka yangu alisema neno moja tu, "Alibaki," akafunga mdomo. Nilipouliza zaidi alikwenda kupasua kuni. Ndoa yetu imepasuliwa kuni nyingi.

Mabinti zetu watatu walipewa majina ya mama yake, nyanya yake na shangazi yake, wala hakuna aliyetutisha na moto wa jehanamu. Kisha mwaka wa hamsini na sita Zadock akaokoka. Lo! Kuokoka ni kuzuri, mimi pia nimeokoka, lakini mwenzangu aliokoka kama mtu aliyepandishwa cheo. Alinunua kofia. Aliacha kucheka. Akitaka kuniambia chumvi imekwisha, anaanza na "Dada yangu katika Bwana." Nikasikia baadaye kwamba nafasi ya mzee mmoja wa kanisa ilikuwa wazi, nikaelewa kofia ilikuwa ya nini.

Yule mvulana alipozaliwa, nyumba yetu ilijaa furaha, sitasema uongo. Zadock alicheza na mwiko mkononi mpaka memsabu, mke wa yule Mzungu, akaja kuchungulia kama kuna moto. Furaha hiyo ilikaa siku mbili. Siku ya tatu akaja amevaa uso wa Jumapili, akasimama mlangoni.

"Mtoto ataitwa Zedekiah," akasema.

"Agoi je?"

"Mambo ya kuita wafu tuliyaacha. Zedekiah alikuwa mfalme."

Nikachukua Biblia nikamfungulia Wafalme wa Pili. Nikamsomea polepole, maana hasomi haraka: huyo mfalme wanawe walichinjwa akiwatazama, halafu akatobolewa macho, akafungwa pingu, akaburutwa hadi Babeli.

"Hayo ni ya Agano la Kale," akasema Zadock.

Ala! Kwani huyo Zedekiah wake alimpata katika Matendo ya Mitume? Lakini alikuwa amekwisha kuondoka, na mara nikasikia shoka.

Jumamosi tulikwenda mjini, mtaa wa Bazaar, kununua kitambaa cheupe cha ubatizo. Duka ni la Chunilal, mzee wa Kihindi anayejua mambo ya kila mteja kuliko mteja mwenyewe. Zadock akamtangazia jina la mtoto kwa sauti ya mimbarini, mpaka fundi wa cherehani pale barazani akasimamisha mguu.

"Hii Zedekiah nani?" Chunilal akauliza huku akipima kitambaa. "Baba yako?"

"Hapana. Mfalme."

"Mfalme ya wapi?"

"Ya Yuda. Zamani sana."

"Yeye nafanyia wewe nini?"

Zadock akakohoa. Chunilal akakata kitambaa, akakikunja, akasema, "Mimi naitwa jina ya babu yangu. Babu alinibeba begani. Wewe nachukua mfalme, haikubeba wewe hata siku moja." Nilitaka kumkumbatia yule mzee, ila ningeitwa mbele ya kanisa. Njia nzima ya kurudi, hata tulipopita mlima wa hospitali na kuingia barabara ya Ngong, Zadock alitembea mbele yangu, kitambaa kwapani.

Jumapili alasiri, baada ya vyombo vya chakula cha mchana vya Wazungu kuoshwa, wazee wakaja. Kila mtoto, kabla ya ubatizo, lazima wazee wafike nyumbani kuomba na kuandika jina, ili padri asije akashangazwa kanisani. Walikuja wawili. Wa kwanza Mzee Lazarus, tarishi wa ofisi moja mjini, ambaye amebeba barua za wakubwa miaka mingi mpaka anatembea kama aliyeziandika. Wa pili Mzee Dalmas, fundi wa baiskeli, mtu mwema asiye na neno lake mwenyewe isipokuwa "Amina."

Wakanywa chai. Lazarus akanywa vikombe vinne, kisha akafungua maombi. Akaomba kwa ajili ya Malkia, kwa ajili ya gavana, kwa ajili ya nchi ipate amani, kwa ajili ya mvua, na kwa ajili ya viongozi wa kanisa ambao hawathaminiwi. Saa ya mtoto kunyonya ikafika ikapita. Nami mama mwenye adabu siwezi kufungua kifua katikati ya maombi ya gavana. Mtoto akaanza kulia.

Alilia kidogo, akalia sana, akalia mpaka akawa mwekundu. Lazarus akafungua jicho moja.

"Analia hivi siku zote?"

"Tangu azaliwe," akasema Zadock, na jasho likimtoka. Uongo huo. Mwanangu alilia akiwa na njaa tu, kama Mkristo mwingine yeyote.

Lazarus akaweka kikombe chini taratibu. Wote chumbani tulijua anafikiri nini, maana wote ni watu wa upande wetu wa magharibi mwa nchi. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wakubwa hukaa wakamtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Hiyo ndiyo desturi ambayo Lazarus aliilaani kanisani kila mwezi.

"Ndugu Zadock," akasema, "hapa kuna mzimu unadai jina. Tutaukataa. Nitajie wafu wenu, niwafukuze mmoja mmoja."

Nikamtazama usoni nione kama anatania. Wapi! Alikuwa amesimama, mkono juu, amefumba macho.

"Baba yangu, Ndanyi," Zadock akanong'ona.

"Ndanyi!" Lazarus akapaza sauti juu ya kichwa cha mwanangu. "Kwa jina la Yesu, huna nafasi hapa! Ndanyi!" Kisha akanyamaza akasikiliza. Mtoto akalia.

"Babu, Kisia."

"Kisia! Toka! Kisia!" Akasikiliza tena, ameinamisha sikio.

"Amina," akasema Dalmas.

Mungu nisamehe, nilijiziba mdomo kwa leso. Mababu zetu walifanya jambo hilihili, ila wao walikuwa wapole na hawakuvaa koti. Walipofika kwa Amugune, baba mdogo wa Zadock, sauti ilikuwa imefika barabarani. Dirisha likagongwa, uso wa memsabu ukatokea.

"Zadock! Nini hii kelele? Toto gonjwa?"

"Hapana, memsabu. Sisi naomba Mungu."

"Basi omba pole pole. Bwana nalala."

Lazarus akashusha mkono. Akafuta uso. Kwa sauti ndogo akauliza, "Kuna wengine?"

Nikamtazama Zadock. Alikuwa akitazama kiatu chake.

"Wamekwisha," akasema.

Kicheko changu kikafia palepale. Wamekwisha! Mtu aliyekula naye sahani moja, wakavuka bahari pamoja, wamekwisha. Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona hata siku ile ya karatasi. Nikasema, "Bado mmoja. Kaka yangu, Agoi."

"Upande wa mama hatuuingizi," akasema Lazarus.

"Kwani Mzee, mizimu hupitia upande wa baba tu? Nani kaiwekea sheria?"

Dalmas akafungua mdomo kusema Amina, akaona afadhali anyamaze. Lazarus akanikazia macho, lakini angefanyaje? Angeacha mlango mmoja wazi, na yeye ndiye aliyesema kuna mwizi? Akainua tena mkono.

"Agoi!" akasema polepole, kwa ajili ya Bwana aliyelala.

Wazee walikuwa wamefumba macho. Nikamwingiza mtoto chini ya shuka, nikampa ziwa. Akalidaka. Kukawa kimya kabisa, mpaka bomba la nje likasikika likidondosha maji.

Sasa nisikilizeni, enyi mnaojiona werevu. Nilijua nimewaweza. Nilisubiri Lazarus ashtuke, akiri kwamba mtoto amechagua, aandike. Badala yake akafumbua macho, uso umeng'aa kwa ushindi.

"Ametoka!" akasema. "Mmeona? Huyo Agoi ndiye aliyekuwa akisumbua. Ametoka, amekwenda zake, wala hatarudi katika nyumba hii."

"Amina!" akasema Dalmas, safari hii kwa moyo wote.

Nikakaa pale na mtoto kifuani. Kaka yangu asiye na kaburi, niliyemtaka ndani, nimemfukuza kwa maziwa yangu mwenyewe. Ningesema nini? Niseme nilidanganya katikati ya maombi? Wangenitenga mimi, na jina lisingeandikwa vilevile. Machozi yakanitoka. Lazarus akadhani ni ya wokovu, akanipongeza.

Akatoa daftari na penseli. "Zedekiah," akasema, akilowesha ncha kwa ulimi.

"Hakutoka," akasema Zadock.

Penseli ikasimama.

"Mtoto amenyamaza kwa sababu jina limemkalia," akasema mume wangu. Alikuwa bado akitazama kiatu. "Huyo mtu mimi namjua. Hafukuzwi kwa kelele. Andika Agoi."

"Ndugu Zadock. Unajua Jumapili ijayo, ubatizo ukiisha, tunachagua mzee."

"Najua."

"Na unajua jina lako limetajwa."

"Litajeni lingine," akasema Zadock. "Hapa andika Agoi."

Lazarus akamtazama Dalmas apate msaada, na Dalmas, kwa mazoea tu, maskini, akasema, "Amina." Ikaandikwa. Padri akitaka kuongeza jina la Biblia, akasema Lazarus akifunga daftari, hiyo ni juu yake, na akaondoka bila kumaliza kikombe cha tano. Ile nafasi ya uzee wa kanisa ilikuja kupewa muuza mkaa wa Kibera, ambaye naye siku hizo alikuwa amenunua kofia.

Jioni nilikwenda jikoni, mtoto mgongoni. Zadock alikuwa akimenya viazi vya Wazungu, na mimi nilikuwa nimebeba moyo mzito, maana mume wangu ameacha cheo alichokiota mwaka mzima, kwa sababu ya muujiza niliomtengenezea chini ya shuka. Nikaona nimwambie ukweli kabla sijalala nao.

"Zadock, ule ukimya wa mtoto..."

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Nilikuona ukimpa ziwa. Mimi sikufumba macho. Jina lake lilipotajwa sikuweza kufumba."

Akaendelea kumenya kiazi kile kile mpaka kikawa kama yai la njiwa.

"Hakutaka kwenda," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia jeshini kuna viatu na nyama. Nikamshika mkono mpaka mbele ya karani. Alipoitwa jina, alikuwa bado ananitazama mimi."

"Miaka yote hii, Zadock! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni dada yake." Akaweka kisu. Alikuwa akilia waziwazi, kofia ya wokovu imening'inia kwenye msumari nyuma yake. "Namwita kila siku humu jikoni, Rael. Nikipakua chakula, namwita. Hakuna anayeitika. Leo nikasema, acha aandikwe, apatikane mtu wa kuitika."

Hasira zangu zote za miaka kumi na moja nilizitafuta mahali hapo, nisizione. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Basi mwite," nikamwambia.

Akajifuta pua kwa aproni ya memsabu. Akaita kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu mlango asioujua: "Agoi."

Mtoto alikuwa ameshiba, amelala fofofo mgongoni. Nikaitika mimi.