Kiapo cha Usiku wa Duane

Fomu ya mshahara ya mume wangu ililetwa na mtalaka wake, mkononi, Jumamosi mchana, saluni yangu imejaa. Marcy huyo, kavuka daraja la mto kutoka jimbo la Iowa na koti lake jekundu, akaniwekea bahasha kando ya dawa za nywele.

"Imekuja kwangu, Lorna. Nikasema ataihitaji."

Akatabasamu, akaenda zake. Wanawake wanne vitini, hakuna aliyefunua tena ukurasa wa gazeti.

"Miaka mitatu wameachana, na barua zake bado zinaijua njia," akasema Bev, jirani yangu, rangi imemjaa kichwani.

Nikafungua. Jina la Duane, na chini yake mshahara wa mwaka mzima umeandikwa jimbo la Iowa. Si Nebraska tunakoishi, anakotengeneza matanuru ya kupasha nyumba joto. Kodi yote aliyokatwa imeenda ng'ambo ya mto.

"Labda makazi ni kule, shoga," Bev akasema. "Wewe ndiye wa kutembelewa."

Wakacheka. Nikacheka nao, na pasi ya nywele ikamgusa mtu sikio.

Jioni nilipika supu ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini kando, kama watu wa kwetu. Fomu nikaiweka juu ya mkate wake.

"Ofisini wamebadilisha mitambo ya mishahara, mpenzi," Duane akasema. "Imechukua anwani yangu ya zamani. Wamekosea tu."

"Hata mitambo inamkumbuka Marcy."

"Lorna."

"Nauliza tu. Mswaki wako uko wapi, huku au kule?"

Jumatatu nilimpeleka kazini mwenyewe. Nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Dada wa ofisi ya mishahara hakuwa na haraka. Fomu isiporekebishwa, akasema, Nebraska itatudai kodi yote upya, na Iowa tutabaki kuibembeleza iturudishie. "Niletee karatasi inayoonyesha alikaa Nebraska mwaka jana. Mkataba wa nyumba, bili ya umeme, chochote."

Duane akaniangalia. Nyumba yangu, umeme wangu, maji yangu. Mume wa kwanza aliondoka na nusu ya kila kitu, nikaapa jina la mwanamume halitaandikwa tena kwangu. Kumbe nimemwachia Marcy barua zote, mimi sina hata risiti yenye jina la mume wangu.

"Basi mwenye nyumba aandike," dada akasema. "Aape kwa muhuri kwamba jamaa alilala hapo mwaka mzima."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Si ndiyo rahisi."

Rahisi kwake. Pale benki, mzee wa muhuri anayeshuhudia viapo alinisogezea kalamu, nikakaa nayo. Naambiwa niapie alikolala, jambo lilelile ninalolihesabu kwa vidole kila wiki.

"Machi," nikamwambia Duane. "Ile theluji. Siku mbili."

"Nilikwambia nililala kwa Stan."

"Mke wa Stan nilimkata nywele wiki ileile. Mdomo ule ungeficha mgeni?"

Mzee akatazama saa ya ukutani. Duane akavua kofia.

"Tanuru la Marcy lilizimika. Nilipomaliza, daraja limefungwa. Nikalala kwenye kochi. Sikukwambia kwa sababu nilijua utafanya hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi unavyofanya."

Sitadanganya kwamba haikuuma. Iliuma hadi kwenye fizi. Lakini ndiyo mara ya kwanza kuniambia jambo la Marcy bila kuchunguzwa mfukoni. Nikaandika: Duane alilala nyumbani kwangu mwaka mzima, isipokuwa usiku wa tarehe kumi na tatu na kumi na nne Machi, alipolala Iowa, kwenye kochi. Neno kochi nikalipigia mstari chini.

"Mama, kochi si lazima," mzee akasema.

"Kwangu ni lazima. Na yeye atie sahihi."

Duane akatia. Muhuri ukagongwa. Dada wa mishahara aliisoma mara mbili, akauma midomo asicheke, akasema siku mbili kochini hazimhamishi mtu jimbo. Fomu mpya ingetoka.

Kutoka pale nikaendesha hadi ofisi ya umeme. Karani akauliza huyu wa kuongezwa kwenye bili ni nani.

"Ni wa hapa," nikasema. "Mwandike kwa herufi kubwa."