Fundi Hayumo Kwenye Jiwe

Ukitaka kujua nani hakujenga jengo, soma jiwe lililopachikwa mlangoni mwake. Huo ndio mtindo wetu tangu enzi za babu zetu. Shule ambayo akina mama waliibebea mawe kichwani ina jina la mkubwa mmoja aliyefika mara moja, akakata utepe, akala kuku, akaondoka. Zahanati iliyochimbiwa msingi na vijana wa kijiji ina jina la mheshimiwa ambaye akiugua mafua tu hupanda ndege. Watu wamezoea. Anord Kalinga, fundi mwashi wa Mlandege, naye alikuwa amezoea, mpaka Ijumaa ile Hardik alipoleta jiwe kutoka Mbeya.

Hardik ndiye mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako saruji yote ya kanisa jipya la Kihesa ilichukuliwa. Gari lake lilikuwa limekwenda Mbeya kufuata vigae, kamati ya ujenzi ikamwomba apitie kwa mchonga mawe. Akalishusha lile bamba la marumaru mbele ya kanisa, akabandua maboksi, akasoma. Akasoma tena.

"Fundi," akaita, "hebu shuka. Wewe uko mstari wa ngapi hapa?"

Anord alishuka kwenye ngazi na mwiko mkononi. Herufi zilikuwa za dhahabu, nzuri kweli. JENGO HILI LIMEJENGWA NA MUNGU MWENYEWE. Chini ya Mungu walifuata binadamu wanane: mgeni rasmi Mchungaji Andendekisye wa Mbeya, Mchungaji Gideoni wa hapo hapo, Mzee Jofrey Kikoti mwenyekiti wa kamati, katibu, mweka hazina, na wengine hadi mama aliyesimamia chakula cha vibarua.

"Mimi dini yenu siijui vizuri," Hardik alisema, "lakini miaka miwili hii Mungu hajaja dukani kwangu kuulizia nondo. Umekuja wewe, na hiyo kofia yako mbovu."

"Usikufuru, Hardik."

"Sikufuru, ndugu yangu. Nauliza tu."

 Kilichomuuma Anord ni kwamba alijua kosa lilianzia kinywani mwake.

Juu ya madhabahu ya kanisa lile kuna tao la matofali ya kuchoma, limepinda kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo. Kabla halijajengwa, mtaalamu mmoja aliyeletwa kutazama alisema halitasimama, labda watie boriti ya zege, na fedha ya boriti haikuwapo. Anord, ambaye shule aliiacha darasa la saba, alichukua kamba na msumari, akalichora tao zima chini kwenye udongo, akalifuta, akalichora tena, siku nne. Alilijenga juu ya kiunzi cha mbao. Siku ya kuondoa mbao alisali kwanza, kisha akasimama chini yake mwenyewe na kugonga vishikizo vya kile kiunzi kimoja kimoja, wenzake wakiwa wamekimbilia nje. Tao halikutikisika hata vumbi lidondoke.

Katika kikao kilichofuata Mzee Jofrey akauliza, "Fundi, na wewe tukuandike vipi kwenye jiwe?"

Anord alijibu kama mama yake alivyomlea. "Aa, mimi nani bwana? Mwandikeni Mungu tu."

Sasa, kwao mtu akikaribishwa ugali hukataa kwanza. Husema nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi. Mwenyeji humsihi, husema onja hata tonge moja, ndipo mgeni ananawa. Kila mtu aliyekaa kwenye kile kikao anajua hivyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Anord alikuwa anangoja kusihiwa. Badala yake Mzee Jofrey alimgeukia katibu: "Andika. Fundi ameomba sifa zote apewe Mungu." Makofi yakapigwa. Ajenda ikafungwa. Na kati ya wale waliopiga makofi hakutokea hata mmoja wa kusema na mimi nifuteni.

Wapo watakaosema jina si kitu. Waliozika baba yake Anord hawawezi kusema hivyo. Yule mzee alijenga miaka thelathini, kuanzia Iringa mjini hadi Idodi. Siku ya mazishi msoma wasifu aliuliza, marehemu alijenga wapi na wapi? Watu wakatazamana. Mmoja akasema pale, mwingine akasema hapana, pale ni kwa mheshimiwa fulani. Mwisho wakasoma kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Anord aliusikia wasifu ule akiwa ameshika sepetu, na hajausahau.

Jumamosi asubuhi Mzee Jofrey alikuja na Mchungaji Gideoni. Jiwe lilikuwa bado limeegemea ukuta.

"Fundi, kulikoni? Mgeni anaingia kesho saa tatu!"

"Silipachiki, Mzee."

"Hulipachiki kivipi?"

"Mpaka na mimi niwemo."

Mzee Jofrey alicheka kile kicheko chake cha ofisa elimu mstaafu. "Loo! Mchungaji, umesikia? Fundi wetu anagombea utukufu na Mungu."

"Na Mungu sina ugomvi. Yeye yuko mstari wa kwanza na ni haki yake, akili ya lile tao ni yeye aliyenipa. Mimi naomba mstari wa kumi, chini ya mama wa chakula."

"Ulisema mwenyewe tumwandike Mungu tu! Muhtasari ninao hapa."

"Nilisema kama mtu anavyosema! Mzee, wewe ukija kwangu ukasema umeshiba, huwa nafunika sufuria?"

Mchungaji Gideoni alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na wewe Mzee," Anord aliendelea, "kwani hukutumiwa na Mungu? Mbona hukuomba aandikwe yeye tu?"

"Jina langu ni kwa ajili ya kumbukumbu."

"Na langu ni la nini, la kuchezea?" Akamgeukia mchungaji. "Baba, wewe ndiye uliyetuhubiria kwamba Mungu alipotaka hema yake itengenezwe, alimtaja fundi kwa jina, na jina la baba yake, na la ukoo wake. Mungu hakuona aibu kumtaja. Nyie mmeona aibu gani?"

Mchungaji Gideoni aliangalia viatu vyake. "Ni kweli nilihubiri," alisema taratibu. "Lakini fundi, jiwe limeshachongwa. Kesho nitakutaja kwa mdomo."

Kwa mdomo! Wanane wako kwenye marumaru, yeye atajwe kwa mdomo, kati ya tangazo la harusi na la mkutano wa vijana.

Anord alifuta mwiko wake, akachukua pima maji na timazi, akavitia kwenye mfuko.

"Ukitoka na hivyo," Mzee Jofrey alisema, "nyumba ya mchungaji ataijenga mwingine."

Akatoka navyo.

Nyumbani mkewe Happy aliketi chini aliposikia. "Yaani umeitupa kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya herufi tano? Baba Verediana, Mungu si anajua?"

"Mungu anajua, Happy. Tatizo ni Jofrey, anayejua na akajifanya hajui."

Jumapili walikwenda wote, maana kanisa ni lao pia. Jiwe lilikuwa limepachikwa na fundi mwingine. Mchungaji Andendekisye, mzee mrefu wa Kinyakyusa, alivuta kitambaa, akasoma kwa sauti, vigelegele vikapigwa. Alipoingia ndani akasimama katikati, akainua macho.

"Eee! Na tao hili kalifunga nani?"

"Ni Mungu, Baba!" Mzee Jofrey aliwahi. Watu wakaitikia amina.

Mchungaji Gideoni alifungua kinywa, akakifunga.

Anord alisimama. Happy alimvuta koti, koti likamponyoka.

"Nimelifunga mimi, Anord Kalinga wa Mlandege. Mungu ndiye aliyenipa uwezo na namshukuru mbele yenu wote. Lakini alinipa mimi. Mkilificha jina langu, ni zawadi yake mnayoificha."

 Amina mbili tatu zilitoka nyuma, za vibarua. Mgeni akasema, "Ubarikiwe, fundi. Keti," akaendelea na ibada. Hakuna aliyesema jiwe litachongwa upya. Mzee Jofrey hakugeuza hata shingo.

Anord aliketi, akafumba macho. Bwana, alisema moyoni, kama hiki ni kiburi niambie wewe mwenyewe, asije akaniambia Jofrey. Akangoja. Kwaya ikaanza wimbo, watu wakasimama. Naye akasimama, akaimba besi kwa hasira, kwa sauti iliyofanya walio mbele yake wageuke, na hakukosa nota hata moja.